Gari na Fundi Wake

Wako wanaodai kwamba magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa magari, na kwamba haya ya leo ni makopo yaliyopakwa rangi. Wako pia vijana wanaoyacheka ya zamani kuwa ni vyuma chakavu. Ubishi huo husikika popote penye gereji, na hapa Lagangabilili nao haukosi. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinapima kwa mizani isiyofaa.

Tuchukue mfano unaofahamika Afrika ya Mashariki. Datsun 240Z, gari la michezo lililotolewa Japani mwaka 1969, lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda sita, kabureta mbili na nguvu za farasi zipatazo 150. Mjukuu wake, Nissan Z aliyeanza kuuzwa mwaka 2022, ana injini ya lita 3 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400. Kwa mwendo, breki na usalama wa abiria, babu hafui dafu mbele ya mjukuu. Anayeyakataa hayo anasukumwa na mapenzi ya ujana wake tu.

Lakini gari la namna ya 240Z likizimika porini, fundi mwenye spana na bisibisi aliweza kuifungua kabureta, akapuliza vumbi, akasugua pulatini, gari likaondoka. Mafundi wengi wa nchi hii hawakupita chuoni. Walisomeshwa na magari ya aina hiyo. Gari la kisasa huongozwa na kompyuta. Sensa moja ikiharibika, taa huwaka mbele ya dereva, na mwenye spana hana la kusoma mpaka apate mashine ya kupimia. Elimu iliyokuwa mikononi mwake imefungiwa ndani ya kisanduku.

Wala jambo hili si la magari ya michezo peke yake. Hayo hatutarajii kuyaona katika udongo mweusi wa mbuga zetu, ambao masika hunasa hata trekta. Kompyuta hizo zimo pia katika magari madogo yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, yale yabebayo abiria na wagonjwa wetu. Na kwa kuwa ushuru wa uchakavu hutozwa magari yaliyozidi miaka minane, wanunuzi wanaelekezwa kwenye magari mapya zaidi. Sera hiyo haina kosa. Kosa ni kumwachia fundi spana ileile.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kikiomba mkopo wa mashine ya kupimia magari, kisirudishwe kwa kuwa maombi yake hayakutaja ng'ombe wala kinu cha kusaga. Mafundi wazee nao washirikishwe, maana sikio lililozoea mlio wa injini hutambua haraka pale mashine inapodanganya. Maofisa wa maendeleo ya jamii wasingoje maombi mezani; waanze kuzitembelea gereji kabla ya msimu wa pamba.