Taa Inapolia Machozi

Wiki hii siongelei mapenzi wala viwalo. Naongelea taa ya gari! Usigeuze ukurasa kwanza, maana taa hiyo nusura inipeleke lupango.

Nilikuwa namsindikiza mshikaji wangu Digodigo, kule kwa Wasonjo, wilaya ya Ngorongoro. Alikuwa anapeleka barua ya posa, si mchezo. Gari ni RAV4 ya kuazima. Siku moja kabla, pale Arusha, vijana waliiosha kwa mashine ya presha mpaka ikang'aa. Nikaona taa ya kushoto ina ukungu kwa ndani. Nikajisemea, aah, itakauka yenyewe.

Tukapita Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero. Jua limezama, taa zinawaka, tukaingia kwenye kijito puu! Maji yakaruka mpaka juu ya boneti. Tukapanda mlima na baridi lake. Kufika karibu na kijiji, taa ya kushoto ilikuwa kama imevishwa shuka. Mwanga unatawanyika tu, hauendi mbele.

"Breki!" Mshikaji alipiga ukelele.

Dogo mmoja na punda watatu, upande ule ule wa kushoto. Tulisimama kama hatua tatu kutoka kwake. Alitutazama, akawachapa punda wake, akapotea gizani. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika.

Asubuhi mwenyeji wetu, mzee mwenye Land Rover ya zamani, akalizunguka gari letu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona gari lenu limelia usiku kucha."

Ndani ya taa matone yalikuwa yanateremka, chini kuna kidimbwi. Mzee akacheka, akanionyesha taa za Land Rover yake: duara la kioo, kipande kimoja, waya wa moto umo humo humo. Hakuna pa kuingia maji. Ikifa unang'oa yote unaweka nyingine. Magari ya siku hizi, mtu wangu, taa ni chumba cha plastiki, glopu inachomekwa kwa nyuma, na chumba hicho kinapumua.

Ndiyo, kinapumua! Kuna vitundu au vimipira vya kupitishia hewa. Glopu ya halojeni ya wati 55 ni moto mkali. Ukiwasha, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukizima, inasinyaa na kuvuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Plastiki ya mbele ikipoa, unyevu unagandia pale. Sasa fikiria taa ya moto inamwagiwa maji ya kijito ghafla. Inavuta kwa nguvu, na palipo na ufa inavuta maji yenyewe. Kumbe tungezima taa na kusubiri kidogo kabla ya kuvuka! Kijito kile tulishakiona tangu mbali.

Ukungu mwembamba wa asubuhi, unaoondoka ukiwasha taa kwa muda, usikukoseshe usingizi. Lakini ukiona matone makubwa au maji yamelala chini, hapo kuna tundu. Yetu tulilipata nyuma: kifuniko cha raba kilikuwa kimekaa upande. Mtu alibadilisha glopu akakirudisha nusunusu. Pia kitundu cha chini cha kupumulia kilikuwa kimezibwa na vumbi, lile la njia ya Natron.

Tukatoa waya na glopu (ishike kwa kitambaa, mafuta ya vidole yanaiua mapema), tukazibua kitundu kwa kijiti, tukafuta maji, tukaiacha taa wazi juani. Mjini ungetumia draya ya saluni, moto mdogo, usije ukakunja plastiki. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu vipya navyo hunyonya unyevu, ila viweke mbali na glopu, na vikishiba havisaidii tena.

Sasa kuna wale mafundi wa chapchap. Mmoja atakutobolea tundu chini ya taa. Maji yatatoka kweli, halafu vumbi litaingia na maji yatarudi. Mwingine atapaka silikoni kila mahali mpaka matundu ya kupumulia, unyevu ubaki kifungoni. Silikoni ile inayonuka kama siki mimi siitaki kabisa, mvuke wake unakula ile rangi ya fedha inayorudisha mwanga. Ikishababuka hiyo, ni kununua taa nyingine. Ziba ufa, badilisha raba iliyokakamaa, vitundu viache.

Barua ilipokelewa, mshikaji anatabasamu mpaka leo. Saa kumi jioni tukarudisha glopu, tukabana raba sawasawa, tukawasha. Watoto walikuwa wamejaa wanashangaa, na yule dogo wa punda yumo. Akasimama mbele ya taa ya kushoto, akaziba macho kwa mkono.

"Sasa inaona," akasema.