NANI ATAMJIBU MGANGA KWA JINA LAKO?

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuanza kazi unatazama kofia yako, viatu vyako na taa yako. Vizuri. Lakini siku ukilazwa hospitalini, hujitambui, nani atamjibu mganga?

Mtu anayetokwa na damu nyingi, mganga humtunza kwanza. Hangoji mkutano wa jamaa. Maswali mengine yanakuja nyuma. Mguu ukatwe ao tungoje? Apelekwe hospitali ya mbali ao abaki hapa? Hapo bibi anasema hivi, kaka anasema vile, na mjomba anafika toka kijijini na neno la tatu. Kwa Waluba wa Katanga ukoo unafuata baba; kwa Wabemba na Walamba unafuata mama, na mjomba ana neno kubwa. Katika kambi watu hawa wanaoana. Wote wanakupenda, lakini wakibishana, wewe ndiwe unayeumia.

Basi chagua mtu mmoja leo. Si lazima awe mkubwa wa jamaa. Awe anakaa karibu, anapatikana kwa simu hata usiku, anajua kama una sukari, presha ao dawa inayokudhuru. Zaidi ya yote, awe na moyo wa kusema unayotaka wewe, si anayotaka yeye. Chagua na wa pili, kama wa kwanza hapatikani.

Ukiisha kuchagua, waambie jamaa za pande zote mbili. Andika majina na namba za simu, tia tarehe na sahihi. Karatasi moja ikae nyumbani, nyingine uipeleke hospitali unapotunzwa. Na ujue: wakati unaweza kusema, neno ni lako mwenyewe.

Kama una bibi, usiamue peke yako. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo ya sheria. Tangu ilipobadilishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka wawili wapatane. Mupatane na juu ya jambo hili.

Wengine watasema kutaja ajali ni kuiita. Je, kofia unayoivaa inaita jiwe? Jumapili hii, kaeni nyumbani muzungumze.