Tamko kwa Umma Kuhusu Riwaya za H. Rider Haggard

Baadhi ya wanachama wametaka chama chetu cha waandishi na wasomaji kiiondoe riwaya ya Haggard, Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika orodha ya vitabu vinavyopendekezwa kwa vikundi vya usomaji. Wengine, hasa wazee wetu walioisoma shuleni, wamesema kuiondoa ni kuwanyang'anya utoto wao. Halmashauri imezisikiliza pande zote mbili na inatamka kama ifuatavyo.

Henry Rider Haggard alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1856. Akiwa kijana wa miaka 19 alifika Natal kumtumikia gavana, na Waingereza walipoitwaa Transvaal mwaka 1877 alikuwapo Pretoria, akashiriki kuipandisha bendera yao. Kwa hiyo wanaosema alikuwa "mtu wa zama zake" tu wanampunguzia mno. Zama hizo yeye alikuwa miongoni mwa watendaji wake. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1885, na husimuliwa kwamba ilianza kwa dau la shilingi tano, pale nduguye alipomwambia hawezi kuandika kisa kitakachofikia hata nusu ya Treasure Island ya Stevenson. Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, akaitoa kwa Kiswahili, na vizazi kadhaa vikajifunzia humo kusoma hadithi ndefu.

Wanaolalamika wana haki ya kulalamika. Foulata, msichana wa Wakukuana, taifa la Kiafrika la kubuni katika riwaya hiyo, anamuuguza Mwingereza Good mpaka anapona, na wawili hao wanapendana. Mwandishi hajui la kufanya na mapenzi hayo. Anamchomesha msichana kisu mikononi mwa kizee Gagool, na kabla hajakata roho anamtamkisha yeye mwenyewe kwamba mweusi na mweupe hawawezi kuoana. Baadaye msimulizi, Allan Quatermain, anaona kifo hicho kimewaepusha na matatizo. Tumepasoma mahali hapo mara kadhaa tukitafuta kejeli iliyofichwa. Haipo.

Madhara hayakuishia kitabuni. Kule kudai kwamba migodi na barabara kuu ya Wakukuana ni kazi ya wageni wa kale kulitia nguvu imani iliyokuwa imeenea wakati huo, kwamba magofu ya Zimbabwe Kuu hayakuweza kuwa kazi ya Waafrika. David Randall-MacIver aliipinga imani hiyo kwa uchimbaji wa mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha kwa uchimbaji wa 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika, mwaka uleule watoto wetu walipopewa Mashimo kwa Kiswahili. Mtoto wa Tanganyika alipata hadithi. Ripoti ya uchimbaji hakuipata.

Hata hivyo, swali la ubora wa kazi halijibiwi kwa orodha ya makosa ya mwandishi. Huyu mtu alijua kusimulia. Msomaji na akumbuke mashujaa watatu walivyofungiwa ndani ya chumba cha hazina: mwamba umeshuka, taa inazimika, viberiti vinahesabika, na makasha ya almasi sasa hayana thamani hata ya funda la maji. Kisha mmoja wao anatambua kwamba hewa bado ni safi, basi lazima inaingia mahali. Hakuna jini linalokuja kuwaokoa. Wanaokolewa na akili na vidole vinavyopapasa sakafu gizani. Mwandishi chipukizi wa hadithi za kusisimua anayetaka kujua taharuki inajengwaje ataisoma sura hiyo kwa faida. (Kurasa za kuwinda tembo anaweza kuziruka.)

Tena kuna Umbopa. Anaingia kama mtumishi wa safari, anasimama mbele ya Sir Henry Curtis, mmoja wa mashujaa hao watatu, na kuzungumza naye kama mtu na mwenzake, hata Quatermain anaudhika. Mwishoni tunamwona ni Ignosi, mfalme halali, na anapiga marufuku wafanyabiashara na wamisionari wa Kizungu wasiingie nchini mwake. Kalamu ileile iliyomuua Foulata ili rangi zisichanganyike ndiyo iliyompa mfalme Mwafrika neno la mwisho dhidi ya wakoloni. Katika hili chama kinaamini kipaji cha Haggard kiliona mbali kuliko itikadi yake, ingawa si kila mara.

Riwaya nyingine ya Haggard iliyo katika orodha, Allan Quatermain, ya mwaka 1887, inatuhusu zaidi na inatuudhi zaidi. Safari yake inaanzia Lamu, ambako Jack, nduguye mwandishi, aliwahi kuwa naibu konseli wa Uingereza. Inapanda Mto Tana hadi kwenye misheni inayoshambuliwa na Wamasai, inapita Mlima Kenya, na huko mbele inafika katika ufalme wa Zu-Vendis, ambao watu wake ni weupe. Bara zima limepitiwa ili kumfikisha msomaji kwa Wazungu! Habari za Wamasai Haggard alizichota katika kitabu cha msafiri Joseph Thomson, na Wamasai wenyewe humo ni watu wa kuviziwa kambini alfajiri na kuuawa. Kifo cha shujaa wa Kizulu Umslopogaas, akiilinda ngazi kwa shoka lake, ni maandishi ya fahari. Lakini hakitoshi kukiokoa kitabu kizima.

Uamuzi wetu ni huu. Mashimo ya Mfalme Sulemani inabaki katika orodha, kwa wasomaji wa sekondari na watu wazima. Allan Quatermain tunaiondoa, na sababu ni udhaifu wa kazi pamoja na ubaguzi wake: nusu ya pili imejaa maelezo marefu ya ufalme usiopata uhai. Hatumtukuzi Haggard wala hatumfichi.

Tunawaomba wachapishaji watakaotaka kutoa matoleo mapya wasikate maneno ya Foulata wala kulainisha ya Quatermain. Waweke dibaji inayoeleza mwandishi alikuwa nani na Zimbabwe Kuu ilijengwa na nani. Walimu nao tunawaomba, wafikapo kifo cha Foulata, wasiharakishe kwenda kwenye almasi: wawaulize wanafunzi nani alihitaji afe. Orodha iliyorekebishwa itaanza kutumika mara baada ya tamko hili kutolewa.