Jiwe Moja kwa Wapagazi

Wako wasemao kuwa njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, imekwisha kukumbukwa vya kutosha. Hututajia Kwihara, ambako tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limejengwa upya likafanywa makumbusho. Hututajia Ujiji, ambako jiwe lenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake huonyesha mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Hoja hii ni dhaifu. Kumbukumbu hizo zasimama kwa jina la msafiri. Mpagazi hana yake.

Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi walishuka pwani na pembe mabegani, kila mmoja frasila mbili hivi, wakarudi na nguo na shanga. Ndui, njaa na tumbo la kuhara viliwaua wengi njiani. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, wapagazi, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kwa kupitia Unyanyembe hata Bagamoyo. Mwaka 1874 ulizikwa Westminster Abbey, London, chini ya jiwe lenye jina lake. Je, wapagazi walioanguka katika njia ile wamelala chini ya jiwe gani?

Tutaambiwa kuwa majina yao yamepotea, na asiye na jina hawezi kuwekewa alama. Uingereza yenyewe yalikanusha neno hilo. Katika zama za kati mkulima wa kijiji cha Kiingereza, kwa kawaida, hakuwa na jiwe lake mwenyewe. Uwanjani pa kanisa palisimama msalaba mmoja wa mawe, nao ulikuwa wa wafu wote waliozikwa pale. Ufukara haukuwanyima alama.

Tutaambiwa tena kuwa jiwe si desturi yetu. Desturi humhifadhi aliyezikwa na jamaa zake. Aliyeachwa kando ya njia haikumfikia. Wala hatudai msalaba, kwa kuwa wengi wao hawakuwa Wakristo, na si haki kumvika maiti imani isiyokuwa yake.

Twadai jiwe moja tu, Tabora, palipokutana njia za pwani, Ujiji na Karagwe. La mgeni lisibomolewe. La mwenyeji lisimamishwe. Taifa litunzalo nyumba ya mgeni na kusahau kaburi la mwenyeji limejua ukarimu, lakini halijajua haki.