Rushwa Haiitwi Maharagwe



Kuna mafundisho yanayouzwa siku hizi katika miji yetu kwa jina la maendeleo ya binafsi. Mwalimu husimama katika ukumbi wa kukodi, kipaza sauti mkononi, akiwafundisha vijana kusema “ninaweza”, “ninastahili”, “mimi ni mshindi”. Hatuna ugomvi na kijana anayetaka kukua. Ugomvi wetu ni na kamusi anayokabidhiwa. Imejaa maneno ya kupanda ngazi, wala haina hata neno moja la kumwonyesha kwamba ngazi hiyo imeegemezwa juu ya mgongo wa mwenzake. Kijana anatoka ukumbini na sauti kubwa kuliko aliyoingia nayo. Siku ya Jumatatu, ofisini, anaombwa “maharagwe ya watoto”, naye anatoa. Au, akiwa na cheo, anayapokea. Moyo wake hausemi kitu, kwa maana hakuna aliyeufundisha lugha.

Sisi makatekista tunasema wazi: dhamiri isiyo na maneno ni bubu. Mungu ameiweka dhamiri (au zamiri, kama wengi wetu tunavyotamka) ndani ya kila mtu, hata yule asiyejua kusoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 16, uliieleza kuwa ni patakatifu pa siri ambapo mwanadamu yuko peke yake pamoja na Mungu wake. Lakini mtu anayeingia patakatifu hapo ataongea nini, kama kila tendo lake amelivika jina la uongo kabla ya kuingia? Waliosomea ualimu wanalijua jambo hili tangu darasa la kwanza: mwanafunzi ambaye juu ya insha yake anajua kusema “mbaya” tu, hawezi kuisahihisha. Ni lazima ajue kusema hapa nimerudia, hapa nimedanganya, hapa nimeiba wazo la jirani. Ndivyo ilivyo kwa maisha.

Tazameni majina tuliyoyatunga katika nchi hii. Tunasema “matabishi”. Neno hilo limetoka katika Kireno, matabicho, maana yake kuua mdudu, nalo lilikuwa jina la kinywaji kidogo cha asubuhi. Leo linaua kitu kingine. Tunasema kwa Lingala “madesu ya bana”, maharagwe ya watoto, na hapo hapo anayekataa kutoa anaonekana mtu mkatili anayewanyima watoto chakula. Huo ndio ujanja wenyewe. Jina hilo linaficha kosa, kisha linalihamisha kutoka kwa mwenye kuomba hadi kwa mwenye kukataa.

Tunasema pia “kifungu cha 15”, yaani kila mtu ajitafutie, na tunacheka. Wanaocheka wafungue Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 15 kimo, nacho kinaziagiza mamlaka za umma zihakikishe kwamba ukatili wa kijinsia unakomeshwa. Tunaomba mkisome kifungu hicho pamoja na mzaha mwingine mnaoujua vizuri, ule wa “pointi zinazoambukizwa kwa zinaa”. Mwalimu mwenye kudai mwili wa mwanafunzi ili ampe pointi anafanya unyanyasaji, na aliyefanyiwa hivyo ni mtu aliyedhulumiwa. Mzaha umewachanganya wote wawili katika kicheko kimoja, hata binti anaona aibu iliyopaswa kuwa ya mwalimu wake. Kwa nini binti hasemi? Mara nyingi ni kwa sababu neno pekee analolipata mtaani kwa jambo lililompata ni neno la kuchekesha.

Wapo watakaojibu kwamba haya ni mambo ya lugha tu, na kwamba njaa haisomi kamusi. Basi tuwaonyeshe mtu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisomea sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, akawahudumia watoto wa mitaani. Alipata kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, hapo Goma, penye mpaka. Tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Mkaguzi hana bunduki, hana hata duka. Alichonacho ni neno: anaandika kwamba chakula hiki ni kizuri, au kwamba kimeharibika. Ilipofika shehena ya chakula kilichoharibika, alitolewa fedha ili kipite. Walichotaka kununua ni neno moja juu ya karatasi. Alikataa kuliuza. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, mjini Roma.

Twajua kinachonong'onwa: alikufa, mwingine akaketi juu ya kiti chake, na mpaka ni ule ule. Anayesema hivyo amepima kifo cha shahidi kwa kipimo cha biashara. Watu ambao wangekula chakula kile hawakujua majina yao yamo katika hesabu, Floribert alijua. Tena kuna jambo linalotusumbua zaidi ya manung'uniko hayo. Ni rahisi sana kuvaa kitambaa chenye picha ya Mwenye Heri siku ya Dominika na kuandika “kizuri” juu ya kilichooza siku ya Jumatatu.

Sasa tuirudie njaa, kwa maana hatutaki kuwa wahubiri wa watu walioshiba. Mshahara wa wengi ni mdogo, na wa wengine haufiki kabisa. Hapa ndipo maneno mengi yanapofaa kuliko machache. Dereva anayesimamishwa kwenye kizuizi na watu wenye silaha, akatoa franga ili abiria wake wapite salama, hajahonga: amenyang'anywa. Mzazi aliyelipa mchango uliokubaliwa mbele ya wazazi wote, na kuandikiwa karatasi, amechangia. Mwanafunzi anayekusanya fedha darasani ili zipelekwe kwa msahihishaji, huyo amehonga, na msahihishaji amehongwa. Kijana mwenye neno moja tu, “dhambi”, atawahukumu wote sawasawa, pamoja na nafsi yake, mpaka achoke na kuacha kuhukumu kabisa. Kijana mwenye neno moja tu, “maisha”, atawasamehe wote, na kwanza yeye mwenyewe. Wote wawili wameikosea haki kwa umaskini wa lugha. Maneno sahihi hayaji kushitaki tu. Huja pia kumfungua asiye na hatia, na wengi kati yenu mmebeba hatia zisizo zenu.

Kuna maneno mengine mawili mnayoyachanganya kila siku: aibu na majuto. Aibu hutazama macho ya watu. Isipoonekana na mtu, hufa. Majuto hutazama aliyeumizwa, hata kama hakuna aliyeona. Tunasikia vijana wakisema “dhamiri yangu iko sawa”, na tukiuliza vizuri twaona walimaanisha kwamba hawajajulikana. Wengine husema kila mtu ana dhamiri yake, kana kwamba ni kofia. Dhamiri ni yako kwa kuwa hakuna atakayejibu badala yako. Haikufanyi wewe kuwa mwenye kuamua kwamba kilichooza hakijaoza.

Kwa hiyo hatuwaombi kiapo, wala maandamano yenye mabango. Katika mkutano ujao wa Kiro, wa Xaveri, wa kwaya, chukueni karatasi na mchore mstari katikati. Upande mmoja andikeni majina matamu yote mnayoyasikia sokoni, shuleni na ofisini mwa Leta. Upande wa pili andikeni kila tendo kwa jina lake, mkibishana mpaka mkubaliane. Anzeni na majina yanayotumika ndani ya parokia yenyewe. Mkifika kwenye “kashukrani kadogo” kanakodaiwa kabla ya kutoa cheti cha ubatizo, msiruke mstari.