Laptopu Kuukuu na Amana za Watu

Leo mapishi na hina tunaviweka kando, tuzungumze kompyuta.

Kikundi chetu kina laptopu moja tu, kuukuu, na ndiyo inayoweka hesabu za kikoba. Ilikuwa na Windows 10. Msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu haikidhi masharti ya Windows 11. Tukashauriwa tununue mpya. Kwa pesa ya nani, shoga?

Lakini lililotuuma zaidi ni jengine. Windows ile hatukuinunua. Fundi alituwekea nakala iliyochakachuliwa miaka iliyopita, nasi tukanyamaza. Tunafungua hesabu za amana za watu kwa Bismillahi, juu ya programu ambayo hatuna haki nayo!

Tukahamia Linux Mint. Ni bure, na walioitengeneza wameridhia itumike hivyo. Kwanza tuliijaribu kupitia flashi bila kufuta kitu. Kisha tukanakili mafaili yote kwenye diski ya nje, maana hahami mtu kabla ya kufunga mizigo yake.

Hatuwadanganyi, wiki ya mwanzo tulinung'unika. Printa iligoma siku tatu. Faili la Excel lilifunguka kwenye LibreOffice, ila safu ya majumla ikavurugika. Tukakaa na daftari, tukajumlisha upya kwa mkono. Hapo tukagundua kosa letu wenyewe la zamani: bibi mmoja tulikuwa tukimdai shilingi 15,000 alizokwishalipa. Tulimwendea kwake kumwomba radhi. Aibu ilioje!

Mwenzetu mmoja hakuuzoea mfumo mpya. Kwenye kompyuta yake amerudi Windows, safari hii kwa leseni aliyoilipia. Hatumlaumu hata kidogo, maana naye ametoka kwenye shaka.

Rai yetu ni hii: mwenye uwezo anunue, asiye nao atumie cha bure kilicho halali. Usumbufu wa wiki mbili unavumilika. Mtu mzima wetu, aliyekuwa akiogopa hata kugusa mausi, sasa anaingiza michango mwenyewe.

Basi dada, kabla hujaitupa laptopu yako, ijaribu kwa flashi. Na ukishahama, zipitie hesabu zako upya. Huenda kuna mtu unamdai kwa dhulma bila kujua.

Tukutane tena, inshaallah.