Mei ikianza, Kilwa na Lindi msifunge daftari la mvua

Kwa hesabu ya kawaida, wiki ya kwanza ya Mei ni wiki ya watu wa Kilwa na Lindi kupumua. Mvua za Msimu, zinazoanza Novemba, zinakuwa ukingoni. Ufuta unakaribia kuvunwa na kuanikwa. Baharini, kaskazi limeshaondoka na kusi linaingia.

Ndiyo maana wengi hawahangaiki kufungua utabiri wa hali ya hewa wiki hii. Mvua si imeisha?

Rekodi za pwani hii zinasema tofauti.

Angalia tarehe hizi

• Aprili 15, 1872: kimbunga chaipiga Zanzibar.
• Aprili 15, 1952: kimbunga chaipiga Lindi.
• Aprili 25, 2019: Kimbunga Kenneth chatua Cabo Delgado, Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara.
• Aprili 2021, baada ya katikati ya mwezi: Kimbunga Jobo chaielekea pwani ya Tanzania, kisha chafifia.
• Mei 4, 2024: Kimbunga Hidaya chafika Mafia.

Vyote vitano viko ndani ya wiki tatu za kalenda: katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Si kwamba kila mwaka kitakuja kimoja. Vimbunga ni nadra kwetu. Lakini vikija, hupenda kipindi hikihiki ambacho watu wanaona mvua imekwisha.

Kingine: msimu wa vimbunga wa Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kwa kalenda rasmi, huishia Aprili 30 kwa sehemu kubwa ya eneo hilo. Hidaya haikuisoma kalenda. Na mwezi huohuo wa Mei 2024 kikaja kingine, Ialy, kilichopita baharini mashariki ya pwani yetu kuelekea upande wa Kenya.

Kwa nini kusini ndiko kwenye wasiwasi?

Kimbunga kinahitaji vitu viwili vikubwa: maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na nguvu ya mzunguko wa dunia ya kukizungusha. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno, ndiyo maana Mombasa na Tanga huwa salama zaidi. Kadiri unavyoshuka kusini, nguvu inaongezeka. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, Lindi karibu nyuzi 10. Zipo ukingoni mwa njia ya vimbunga, hazipo nje yake.

Jumatano taarifa, Jumamosi kimbunga

Somo kubwa la Hidaya ni kasi. Mei 1, 2024, siku ya Jumatano, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa inazungumzia mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya pwani ya Mtwara. Jumamosi ya Mei 4 kimbunga kimeshafika.

Maana yake, aliyesoma utabiri Jumatatu akaridhika, kufika Ijumaa taarifa yake ilikuwa imepitwa kabisa. Utabiri wa wiki nzima unakusaidia kupanga. Uamuzi wa kuingia baharini au kupanda basi unatakiwa utegemee taarifa ya siku hiyohiyo.

Somo la pili ni maji. Wengi walijiandaa kwa upepo, mabati kuezuliwa na minazi kuanguka. Kilichoumiza muda mrefu zaidi ni mvua. Barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara ilikatika sehemu kadhaa ndani ya wilaya ya Kilwa, eneo la Somanga likiwemo, na mikoa ya kusini ikakosa njia yake ya kawaida kwenda Dar kwa siku kadhaa. Mabasi, malori ya mizigo na wagonjwa wa rufaa wote wanategemea lami hiyo moja.

Bahati ambayo haikusemwa sana

Wavuvi wataielewa hii haraka. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa Mei 1, 2024, na mwezi mpya ulikuwa Mei 8. Hidaya ilifika kati ya hapo, maji yakiwa mafu au yakitoka tu kwenye umafu. Bahari ilikuwa haijafika bamvua.

Kimbunga huja kikisukuma maji kwenda nchi kavu. Kama Hidaya ingechelewa siku nne tano, msukumo huo ungeweza kupanda juu ya maji ya bamvua. Kwa Kilwa Kivinje, Songosongo na kingo za Kilwa Kisiwani, ambako bahari inakula ardhi hata bila kimbunga, hiyo ingekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo swali la wiki hii si upepo pekee. Uliza pia: mwezi uko wapi?

Jinsi ya kusoma taarifa ya TMA

TMA hutoa tahadhari za siku tano kwa rangi:

• Njano: angalizo. Fuatilia.
• Chungwa: tahadhari. Jiandae.
• Nyekundu: tahadhari kubwa. Chukua hatua.

Usiishie kwenye rangi. Taarifa huwa na vipimo viwili: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa athari likitokea. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si wa kupuuza. Jobo ilipofifia 2021, tahadhari haikuwa uongo. Hatari ilikuwepo, ikapungua kabla ya kufika.

Angalizo la kawaida la kusi, la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, linaweza kuonekana dogo. Kwa meli ni dogo kweli. Kwa mtumbwi au ngalawa, mita 2 ni ukuta.

Kwa hiyo wiki hii

Mvuvi na abiria wa boti: angalia taarifa asubuhi kabla ya kutoka, hata kama jana kulikuwa shwari.

Mkulima wa ufuta: turubai liwe karibu. Mvua ya siku moja kwenye ufuta ulioanikwa inashusha ubora, na ubora ndio bei mnadani.

Msafiri wa Dar: ukisikia mvua kubwa Kilwa, piga simu kwa wakala wa basi kabla ya kwenda stendi.

Huenda wiki ikapita na jua tupu. Kufungua simu kila asubuhi ni dakika moja tu. Hidaya ilichukua siku tatu.